Mikataba ya biashara na watu wanaohama kutafuta kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi yale yale kila mara kwa maneno tofauti, kwa hiyo nimeyaweka sehemu moja. Majibu mengine marefu, mengine mistari miwili, inategemea swali lina nyama kiasi gani.

Mkataba wa biashara unahusiana vipi na mtu kwenda nje kufanya kazi? Si ni mambo ya bidhaa tu?

Ndo wengi wanavyodhani, kwamba mkataba ni wa makontena na ushuru, viza ni mambo ya ubalozi, haviingiliani. Vinaingiliana sana, tena kwa njia mbili. Ya kwanza iko wazi: mkataba wenyewe una sura au kiambatisho kinachosema watu wa aina fulani wanaruhusiwa kuingia kufanya kazi kwa muda fulani. Ya pili imejificha, na kwa maoni yangu ndo nzito zaidi: mkataba ukishusha ushuru wa mahindi au ukafungua soko la nguo, kuna mkulima ambaye shamba lake halilipi tena na kuna msichana kasikia kiwanda kinaajiri mbali na kwao, wote wawili wanafunga mizigo, na hakuna hata mmoja aliyetajwa kwenye mkataba. Mimi nikipewa mkataba mpya naanzia kwenye ratiba ya ushuru, sura ya viza naisoma mwisho, na huko chini utaona kwa nini.

Kuna mkataba wa dunia nzima unaoniruhusu kwenda kufanya kazi nchi yoyote?

Hakuna. Kilicho karibu karibu ni GATS, mkataba wa biashara ya huduma ulioanza pamoja na Shirika la Biashara Duniani, WTO, tarehe 1 Januari 1995. GATS inaigawa biashara ya huduma kwenye njia nne: huduma inavuka mpaka yenyewe kama ushauri wa kwenye simu, mteja anaifuata huduma kama mgonjwa anayekwenda kutibiwa nje, kampuni inafungua tawi nchi nyingine, na ya nne ni mtu mwenyewe kusafiri kwenda kutoa huduma. Hiyo ya nne ndo watu wakiisikia wanachangamka.

Ila kuna kiambatisho kifupi, na humo wanasema wazi kwamba mkataba hauwahusu watu wanaotafuta kuingia kwenye soko la ajira la nchi nyingine, wala hauhusu uraia, ukaazi au ajira ya kudumu. Halafu kila nchi ilijiandikia yenyewe orodha ya ahadi zake, na ukizifungua orodha hizo unakuta watu ni wale wale: meneja anayehamishwa na kampuni yake kwenda tawi la nje, mfanyabiashara anayekuja kwenye vikao, mtaalamu wa kazi maalum. Fundi ujenzi, mfanya usafi, mtu wa kulea wazee, hao utawatafuta sana. Nchi kama India zimelalamika miaka mingi kwamba mtaji unapita kirahisi na mtu anabanwa, na 2016 India iliifungulia Marekani shauri WTO kwa sababu ya kupandishwa kwa ada za viza za H-1B na L-1 ambazo wataalamu wake wa kompyuta wanazitumia sana.

Kwa hiyo hizo sura za viza zinamsaidia nani?

Mwenye cheti, na mara nyingi mwenye ofa mkononi tayari. NAFTA ya Marekani, Canada na Mexico iliyoanza Januari 1994 ilikuwa na orodha ya fani kama sitini hivi, wahandisi, wahasibu, wanasayansi, manesi, walimu wa vyuo, wakapewa viza inaitwa TN. Hata humo hawakuwa sawa, Wamexico waliwekewa kikomo cha 5,500 kwa mwaka miaka kumi ya mwanzo wakati Wacanada hawakuwekewa. Mkataba ulipobadilishwa jina na mambo kadhaa mwaka 2020, TN ikabaki.

Baadaye Marekani ikasaini na Chile na Singapore, mikataba ikaanza 2004, na ndani yake kukawa na viza za wataalamu, 1,400 kwa mwaka kwa Chile na 5,400 kwa Singapore. Wabunge wa Marekani walikasirika, wakasema uhamiaji ni kazi ya Bunge, mjumbe wa biashara hana ruhusa ya kugawa viza kwenye meza ya mazungumzo. Australia waliposaini wao viza hazikuwekwa kwenye mkataba kabisa, zao 10,500 ilibidi zipitishwe kwa sheria ya pembeni mwaka 2005. Mlango wa viza kupitia biashara upande wa Marekani ukawa umerudishwa hapo.

Lakini NAFTA si ilisemekana itapunguza wahamiaji? Mbona waliongezeka?

Hili swali ndo kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu, vumilia kidogo.

Rais wa Mexico wakati ule, Carlos Salinas de Gortari, aliuuza mkataba kwa hoja nyepesi, kwamba Mexico inataka kupeleka nje bidhaa, haitaki kupeleka watu. Maana yake viwanda vikija Mexico kijana hana haja ya kuvuka mto wa mpakani kwenda Marekani. Hoja haikuwa ya kijinga, hata wachumi wana nadharia ya hivyo, Robert Mundell aliandika mwaka 1957 kwamba biashara ya bidhaa inaweza kuchukua nafasi ya watu kuhama, yaani nyanya ikivuka mpaka anayeivuna hana sababu ya kuvuka.

Kilichotokea ni kwamba vyote viwili vilivuka. Mahindi ya Marekani, yanayolimwa kwa mashine na yenye ruzuku nyuma yake, yaliingia Mexico kwa wingi na bei ya mkulima mdogo ikaporomoka, na ingawa ushuru ulipangwa kuondolewa taratibu kwa miaka 15 mpaka 2008, serikali ya Mexico yenyewe iliachia mahindi yaingie juu ya kiwango kilichokubaliwa bila kuyatoza ushuru ilivyopaswa. Desemba 1994, mkataba haujamaliza hata mwaka, peso ikaanguka na ajira za mjini nazo zikapotea. Viwanda vilikuja ndio, ila vingi vilikaa kaskazini karibu na mpaka, kwa hiyo mtu wa vijiji vya kusini akishahama kuvifuata tayari yuko nusu ya safari, na ng'ambo mshahara ni mara kadhaa. Makadirio ya Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, yanaonyesha Wamexico wasio na makaratasi Marekani walikuwa kama milioni 2.9 mwaka 1995, wakafika milioni 6.9 mwaka 2007, baada ya hapo ndo wakaanza kupungua.

Na kuna jambo watu hawaliunganishi: Oktoba 1994, mwaka ule ule wa NAFTA, Marekani ilianzisha Operation Gatekeeper ya kuziba mpaka upande wa San Diego. Zamani mtu alikwenda msimu wa mavuno akarudi nyumbani, mwaka ujao tena. Kuvuka kulipokuwa ghali na hatari, aliyefika akaona heri abaki, akaita na mke na watoto. Lori la bidhaa linapewa barabara mpya, dereva anapewa uzio.

Nisizidishe chumvi hata hivyo. NAFTA peke yake haikufanya yote, kulikuwa na peso, kulikuwa na vijana wengi waliozaliwa miaka ya nyuma wakaingia soko la kazi kwa mkupuo, na uchumi wa Marekani wa miaka ya 90 ulikuwa unatafuta watu kwa tochi. Ila aliyesema mkataba utawatuliza watu nyumbani, alikosea kwa miaka zaidi ya kumi.

Sasa biashara huria inaongeza wahamiaji au inapunguza?

Kwanza inaongeza, halafu huenda ikapunguza. Mchumi Philip Martin aliita kitu hiki nundu ya uhamiaji, na aliisema kuhusu Mexico mapema, kabla mkataba haujaanza kazi. Ushuru ukiondoka, kinachokufa kinakufa haraka, msimu mmoja au miwili, na kinachozaliwa kinazaliwa taratibu maana kiwanda kinahitaji barabara, umeme na mtaji. Katikati hapo watu hawawezi kukaa kusubiri. Pia kipato kikipanda kidogo ndo mtu anapata nauli, maskini wa mwisho kabisa huwa hahami nje, hana pesa ya kusafiria. Tatizo wanasiasa wanaahidi upande wa pili wa nundu wakati wananchi bado wanapanda.

Haiti ni mfano mwingine, ingawa kule haukuwa mkataba wa nchi mbili, yalikuwa masharti ya wakopeshaji. Ushuru wa mchele ulishushwa mpaka asilimia 3 katikati ya miaka ya 1990, mchele wa Marekani ukajaa, wakulima wakakimbilia mjini na nje ya nchi. Bill Clinton mwenyewe, rais wa Marekani wa wakati ule, aliungama mbele ya kamati ya Seneti mwaka 2010 kwamba sera ile iliwafaa wakulima wa jimbo lake la Arkansas ila haikufanya kazi.

Inawezekana mkataba ukaleta kazi kwenye nchi, halafu wakaja kuzifanya watu wa nchi nyingine?

Inawezekana kabisa, nenda Jordan. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 nguo zilizoshonwa kwenye maeneo maalum ya viwanda kule zilianza kuingia Marekani bila ushuru, na mkataba kamili wa biashara huria ulianza 2001. Viwanda vikaota kama uyoga. Ila ukiingia ndani wengi wa waliokaa kwenye cherehani walikuwa wametoka Bangladesh, Sri Lanka, India na nchi nyingine za Asia, wamekaa kwenye mabweni karibu na kiwanda, manake mkataba uliuliza nguo imeshonwa wapi, haukuuliza nani kaishona. Mkataba wa Marekani na Jordan ukawa umemhamisha mtu wa nchi ya tatu ambayo haikuwepo hata kwenye kikao.

Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukajaribu kuutumia mchezo huo huo kwa makusudi. Wakalegeza masharti ya asili ya bidhaa, yale yanayosema bidhaa itengenezwe kiasi gani nchini ndo ipate nafuu ya ushuru, kwa viwanda vya Jordan vilivyoko kwenye maeneo 18 yaliyotajwa, sharti angalau asilimia 15 ya wafanyakazi wawe wakimbizi wa Syria. Wazo zuri kwenye karatasi, lakini viwanda vilivyofanikiwa kuuza Ulaya kwa utaratibu huo vilikuwa vichache sana, na Wasyria wengi walikuwa wanaishi mbali na maeneo yale au wana watoto wadogo, hawakuwa tayari kwa zamu ndefu.

Umoja wa Ulaya je, ule si mkataba wa biashara ulioruhusu watu kabisa?

Ndio, na ndo pekee uliokwenda mbali namna ile. Mkataba wa Roma wa 1957 uliweka uhuru wa wafanyakazi sambamba na bidhaa, huduma na mtaji. Lakini hata wao wanaogopana. Nchi kumi zilipoingia 2004, nane kati ya hizo zikiwa za Ulaya ya mashariki, wanachama wa zamani waliruhusiwa kuwafungia wafanyakazi wa hizo nane mpaka miaka 7. Uingereza, Ireland na Sweden hazikufunga. Uingereza ilikuwa na makadirio kwamba watakuja watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka, yamechekwa sana makadirio hayo, ila watu wanasahau kwamba yalihesabu kama vile Ujerumani nayo inafungua, na Ujerumani ikafunga mpaka 2011. Kufikia katikati ya 2006 waliojiandikisha kufanya kazi Uingereza walizidi 400,000.

Halafu kuna wale wanaopelekwa na kampuni yao. Mwaka 2004 kampuni ya Latvia iliyoitwa Laval ilipata kazi ya kukarabati shule mji wa Vaxholm, Sweden, ikaleta mafundi wake kutoka Latvia, chama cha wafanyakazi cha Sweden kikataka walipwe kwa makubaliano ya Sweden, kampuni ikagoma, chama kikazuia eneo la ujenzi. Desemba 2007 mahakama ya Ulaya ikaamua chama kilizidisha, uhuru wa kampuni kutoa huduma nchi nyingine una nguvu zaidi. Ona hapo, mafundi wale kisheria hawakuwa wahamiaji, walikuwa "huduma". Sheria ilirekebishwa 2018, sasa anayepelekwa anatakiwa alipwe sawa na wenyeji kwa kazi ile ile.

Na jumuiya za Afrika na Amerika ya Kusini?

Karatasi nzuri zipo, tena za zamani. ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilisaini itifaki ya watu kutembea huru mwaka 1979, siku 90 bila viza. Miaka minne baadaye, 1983, bei ya mafuta imeshuka na Nigeria ikawafukuza wageni kwa wingi, wengi wao Waghana, itifaki ikiwa bado mbichi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina itifaki ya soko la pamoja tangu Julai 2010 na uhuru wa wafanyakazi umo, ila kila nchi iliambatanisha orodha yake ya aina ya wafanyakazi itakaowapokea, na orodha hazilingani. MERCOSUR, jumuiya ya Amerika ya Kusini, walifanya kitu ninachokipenda, makubaliano ya ukaazi ya 2002 yaliyoanza kazi 2009: raia wa nchi mwanachama anapata ukaazi wa miaka 2 akiwa na uraia wake na rekodi safi, haulizwi kwanza ana ofa ya kazi.

Afrika nzima ukitaka kuona bidhaa na watu vinavyopewa uzito tofauti, linganisha tarehe. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya watu kutembea huru ilipitishwa Januari 2018, mkataba wa eneo huru la biashara ukasainiwa Machi mwaka huo huo. Wa biashara ulianza kutumika Mei 2019. Ya watu inahitaji nchi 15 kuiridhia, na miaka kadhaa imepita walioridhia wanahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja.

Nimesikia Japani ilichukua manesi kupitia mkataba wa biashara, ni kweli?

Kweli. Mikataba ya ushirikiano wa kiuchumi na Indonesia na Ufilipino ilianza 2008, Vietnam wakafuata, na ndani yake kuna nafasi za manesi na wahudumu wa wazee. Sharti ni kwamba nesi anafanya kazi hospitalini akijifunza, na ndani ya miaka 3 afaulu mtihani wa taifa kwa Kijapani, mhudumu wa wazee ana miaka 4, asipofaulu anarudi. Mwaka 2009 walifanya manesi 82, hakufaulu hata mmoja. 2010 wakafanya 254, wakafaulu 3. Hawa ni watu waliokuwa manesi kamili makwao! Kilichowaangusha ni maandishi ya kanji ya majina ya magonjwa. Baadaye Japani iliongeza muda na kuweka usomaji rahisi juu ya herufi ngumu, hali ikawa nafuu, lakini somo la mwanzo lilikuwa kali: viza ilikuwa ndani ya mkataba, mlango ulikuwa ndani ya mtihani.

Kwa hiyo kutambuliana vyeti kuna maana kuliko viza?

Kwa fani nyingi ndio. Nchi za ASEAN, jumuiya ya Asia ya kusini mashariki, zina makubaliano ya kutambuliana kwa wahandisi, manesi, wasanifu majengo, madaktari, wahasibu na wengineo, lakini bodi za kila nchi bado zinashikilia ufunguo, na bodi inaundwa na watu ambao mgeni anakuja kushindana nao. Hapo maliza mwenyewe.

Mkataba wa biashara na ule wa kupeleka wafanyakazi baina ya serikali mbili ni kitu kimoja?

Hapana. Ule wa serikali mbili unahusu ajira moja kwa moja, nani anatoa gharama, mshahara wa chini, nani anarudisha mtu akiumwa. Wafanyakazi wengi wa ndani, wa ujenzi na wa mashambani wanaosafiri duniani wanapita kwenye hiyo au kwenye sheria za kawaida za viza, si kwenye mikataba ya biashara. ILO, Shirika la Kazi Duniani, ilikadiria wahamiaji walioko kwenye nguvukazi duniani mwaka 2022 kuwa milioni 167.7, na waliopita kwenye sura ya viza ya mkataba wa biashara ni tone tu humo.

Kuna vipengele vidogo vidogo ambavyo watu hawavioni?

Michango ya hifadhi ya jamii. Uingereza na India zilisaini mkataba wa biashara Julai 2025, kelele zikawa kwenye whisky na magari, lakini pembeni kulikuwa na makubaliano kwamba mfanyakazi anayepelekwa kwa muda upande wa pili halipi michango kule mpaka miaka 3, anaendelea na ya kwao. Kwa mwajiri hiyo ni punguzo kubwa la gharama ya kumpeleka mtu, na gharama ndo inayoamua apelekwe nani. Mkataba huo huo una nafasi mpaka 1,800 kwa mwaka za wapishi, wanamuziki na walimu wa yoga wa Kihindi.

Vifungu vya haki za wafanyakazi vinamlinda mhamiaji?

Kidogo. Mkataba uliorithi NAFTA unataka sehemu ya gari, asilimia 40 mpaka 45, itengenezwe na watu wanaolipwa angalau dola 16 kwa saa, na una utaratibu wa haraka wa kukishtaki kiwanda kimoja kimoja kinachozuia vyama huru, hasa Mexico. Lengo mojawapo ni kupandisha mshahara kule kule nyumbani. Kwa aliyeko ugenini tayari kuna kifungu kinachosema alindwe na sheria za kazi, ila mtu ambaye viza yake imefungwa kwa mwajiri mmoja atalalamika kwa nani wakati akifukuzwa kazi anafukuzwa na nchi?

Wakala ananiambia nchi yetu imesaini mkataba mpya wa biashara kwa hiyo kazi nje zimefunguka, nilipe ada. Nifanyeje?

Usilipe kwanza. Muulize sura gani, kiambatisho gani, fani gani, muda gani. Kusaini si kuanza kutumika, mkataba unaweza kukaa miaka ukisubiri mabunge. Halafu fungua tovuti ya uhamiaji ya nchi unayokwenda utafute jina la hiyo viza, kama mkataba umefungua viza basi ina jina, ina fomu na ina ada iliyoandikwa. Kama kazi yenyewe ni ya kufagia au kubeba mizigo na anakutajia mkataba wa biashara, karibu hakika anakudanganya.

Mkataba ukivunjwa, aliyekwisha ingia anafukuzwa?

Inategemea waliovunja waliandika nini wakati wa kuachana. Uingereza ilipotoka Ulaya, raia wa Ulaya waliokuwa wanaishi pale kufikia tarehe 31 Desemba 2020 waliruhusiwa kubaki kwa kuomba hadhi maalum, na aliyefika siku iliyofuata alihesabiwa kama mgeni mwingine yeyote. Kwa hiyo tunza risiti za pango, barua za benki, hati za mshahara na chochote chenye jina lako na tarehe, maana maombi yale yalipitishwa kwa karatasi kama hizo.